Ethi Iliyofungwa Juu ya Lami

Ninyi mnaofunga redio za magari siku hizi, nawaomba kitu kimoja kabla hamjashika bisibisi. Washeni gari, fungueni redio bila wimbo wowote, ongezeni sauti kidogo, kisha mnyamaze. Spika itawaambia inaumwa nini kabla mwenye gari hajafungua mdomo.

Nasema hivi kwa sababu wiki iliyopita nilipita karibu na stendi hapa Tukuyu nikamkuta fundi mmoja ameng'oa dashibodi nzima ya gari la mtu, waya zimemwagika kama utumbo wa mbuzi, anatafuta kelele. Nikamuuliza, "Kelele yenyewe ikoje?" Akanijibu, "Inalia tu, mzee." Inalia tu! Hata mtoto mchanga halii tu. Analia njaa, analia tumbo, analia usingizi, na mama yake anajua kipi ni kipi.

Basi nianzie hapo. Mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia, kama mbu aliyekaa sikioni, unatoka kwenye alternata. Mara nyingi alternata haina kosa lolote. Mwenye kosa ni yule aliyefunga ethi. Tik-tik-tik inayokimbizana na injini, hizo ni plagi na waya zake. Ngurumo inayobaki hata injini ikizimwa, acheni injini ya watu, angalieni amplifaya. Na ile ya tiriti-tiriti inayokuja na kuondoka yenyewe, mwambieni mwenye gari aondoe simu juu ya redio.

Msicheke. Mimi mwenyewe nilipoteza nusu siku kwenye gari la mchungaji mmoja, nimefungua milango yote miwili, kumbe simu iko kwenye koti lake, na koti amelitundika nyuma ya kiti, kwenye waya za spika. Nilipogundua nikamwambia, "Mchungaji, gari ni zima. Ila kuna watu wanakutafuta sana." Akatoa simu akakuta wazee wa kanisa wamemwandikia ujumbe mmoja baada ya mwingine, wanamngojea kwenye kikao.

Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Masikio bado ninayo. Waya za siku hizi ni nyembamba kama nywele, na rangi zake mimi naziona zote kijivu. Lakini gari likipita barabarani dirisha likiwa wazi, bado najua kama ethi yake imekaa vizuri.

Kwa ambaye ameanza jana: ethi ni njia ya umeme ya kurudi nyumbani. Umeme unatoka kwenye betri kwa waya wa moto, unafanya kazi yake kwenye redio, kisha unarudi kwa kupitia chuma cha bodi. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, umeme unatafuta vichochoro, na kichochoro kimoja ni waya wa sauti. Hapo ndipo spika inapoanza kuimba wimbo wa alternata. Ethi nzuri inataka chuma kitupu. Si rangi, si kutu, si uchafu. Chuma kinachong'aa.

Na hapo ndipo sisi wa Rungwe tulipo na shida yetu wenyewe. Mvua yetu mnaijua. Gari likiletwa kutoka Dar es Salaam, misimu michache tu ya mvua sakafu imeanza kutoboka. Kwa hiyo mwenye gari wa huku, kabla hajaweka hata kitambaa cha kiti, anapaka lami. Anaichemsha kwenye debe na oili chafu, anapaka chini ya gari, anapaka ndani ya sakafu, wengine wanapaka mpaka nyuma ya kiti. Gari linanuka barabara mpya mwezi mzima. Halafu anakuja kwako anasema, "Nifungie redio, lakini usinikwangulie lami yangu." Fundi anaogopa kumuudhi, anafunga ethi juu ya lami, skrubu inagusa chuma kwa ncha tu. Redio inaimba vizuri siku hiyo. Baada ya wiki mbili mbu anaingia.

Kuna mzee mmoja wa Kyimo aliyekuwa akibeba ndizi kwa gari dogo la mizigo. Nilimwondolea mlio wa namna hiyo, akaondoka ameridhika. Kesho yake amerudi amenuna.

"Gwakisa, umeniharibia gari."

"Nimeharibu nini, tata?"

"Ule mlio. Mimi nilikuwa nabadilisha gia kwa kuusikiliza. Sasa gari limekuwa bubu, jana nimepanda mlima mzima na gia ya tatu, abiria ananiuliza kama naumwa."

Nilikataa kumrudishia. Akaenda kwa fundi mwingine, na nasikia yule alimrudishia bila hata kujua.

Kazi nilifundishwa na Fundi Saidi, Mungu amrehemu. Alikuwa Mwislamu wa hapa hapa mjini. Baba yake aliuza vitambaa, yeye akavikimbia vitambaa akapenda redio. Nilifika kwake baada ya wazazi wangu kufariki, mama kwanza, kisha baba, hata nguo za msiba wa kwanza hatujaziweka. Mimi ndiye mkubwa, nyuma yangu wako watatu. Shule niliiacha hapo hapo. Nilikuwa nabeba betri za watu kuzipeleka kuchajiwa, mojawapo ikawa ya Fundi Saidi, akaniuliza kwa nini nimeibeba wima bila kuilaza hata kidogo. Nikamwambia asidi ikimwagika itaniunguza na sina suruali nyingine. Akasema, "Mtu anayeogopea suruali yake ataogopea na gari la mtu." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Yeye hakuwa na mita hata moja. Alikuwa na redio ndogo ya mkulima, ile ya betri mbili. Anaiweka mahali pasipo na stesheni, anaipitisha taratibu juu ya waya za gari linalounguruma, kama daktari anayepima kifua. Inapokoroma zaidi, hapo anasimama. "Tafuta hapa." Alitufundisha pia kwamba waya wa sauti upite upande mmoja wa gari na waya wa moto upite mwingine. "Hawa wawili wakilala kitanda kimoja," alikuwa akisema, "wanazaa kelele." Siku hizi mnanunua filta dukani, mnaichomeka, kelele inanyamaza, mnapokea hela. Hiyo ni dawa ya maumivu. Jino bado bovu.

Jambo moja tu Fundi Saidi hakulisamehe. Ukikosea, unamwambia, anakuonyesha, mnacheka, yameisha. Ukimdanganya kuhusu kitu ulichofunga ndani ya gari la mtu, unaondoka. Alikuwepo mwenzetu mmoja, hodari kuliko sisi sote, aliyesema amekaza nati za betri kumbe hakukaza. Aliondoka siku ile ile, bisibisi zake mfukoni, na Fundi hakumtaja tena. Nilikuwa nimesimama pale pale. Kwa hiyo nisiseme sikujua.

Sasa niwaambie juu ya pikapu ya Mama Atupele.

Mama Atupele alikuwa mfanyabiashara wa viazi wa Isongole, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kumwamrisha ng'ombe ng'ambo ya mto. Siku za kazi pikapu yake ilibeba viazi, Jumapili ilibeba kwaya. Alikuwa na redio ya kaseti, amplifaya nyuma ya kiti, na spika mbili. Alikuja siku ya Alhamisi. Fundi alikuwa amekwenda Mbeya kutafuta spea, karakana ameniachia mimi.

"Ugonile, juba," nilimsalimu kwa heshima, kama mama yangu.

"Ndaga. Fundi yuko wapi?"

"Amekwenda Mbeya. Niko mimi."

"Wewe?" Akanipima kutoka juu mpaka chini. "Haya. Redio yangu imeingia mbu. Kwaya yangu inaimba, na mbu anaimba sauti ya kwanza. Jumapili tunakwenda Kyimo, wanakwaya wote wanapanda humu, siwezi kuwasikilizisha takataka hii."

Nilisikiliza. Alternata. Nikafungua nyuma ya kiti nikakuta ethi ya amplifaya imefungwa juu ya lami nene kama ugali. Nikachukua kisu.

"Unafanya nini?"

"Nakwangua kidogo, mama, ethi ipate chuma."

"Thubutu! Nimeipaka wiki iliyopita kwa mikono yangu. Atakayekwangua lami yangu, na mimi nitamkwangua yeye."

Wateja wengine waliokuwa pale walicheka. Nami nikarudisha kisu. Ningeweza kumweleza. Ningeweza kumwambia ni sehemu ndogo tu. Sikumwambia, kwa sababu nilikuwa peke yangu siku hiyo na nilitaka nionekane fundi asiyeshindwa na kitu. Nikasema, "Hakuna shida, nitapita njia nyingine."

Njia nyingine ilikuwa kuvuta waya mbili mpya, mmoja wa moto na mmoja wa ethi, kutoka kwenye amplifaya mpaka kwenye betri yenyewe. Si kosa kufanya hivyo. Kosa ni nilivyofanya. Waya wa moto unaotoka betri lazima uwe na fyuzi karibu na betri, na unapopita kwenye tundu la bati linalotenga injini na dereva, lazima uvishwe pete ya mpira, kwa sababu ukingo wa bati ni kisu. Gari linatikisika, bati linakata ngozi ya waya kidogo kidogo, na siku waya unapogusa bati bila fyuzi, unakuwa mwekundu kama mkaa chini ya miguu ya dereva. Kishika fyuzi cha zamani kilinivunjikia mkononi. Kingine hakikuwepo karakanani, ndivyo vitu Fundi alivyofuata Mbeya kwa bei nafuu, na kwenda dukani niliona kutanichelewesha. Mama Atupele alikuwa amesimama mlangoni anapiga funguo kwenye kiganja.

Nikaunga waya moja kwa moja, nikazungushia tepu mara nyingi, nikafunga boneti.

Mbu akafa. Nilikanyaga mafuta mpaka injini ikalia, spika kimya. Nikaweka kaseti yake, soprano wakatoka safi kama wamesimama nje ya dirisha. Mama Atupele alinipiga bega nikayumba. "Kumbe wewe ndiye fundi! Huyo mzee anakuficha!" Watu wakasikia. Nami nikafurahi kusikia kwamba wamesikia.

Fundi Saidi alirudi Ijumaa baada ya swala ya mchana. Habari alikuwa ameshaipata.

"Nimeambiwa umemponya Mama Atupele bila kukwangua."

"Nilivuta moja kwa moja betri."

"Vizuri. Fyuzi umeweka wapi?"

Aliuliza huku anapanga vishika fyuzi vipya kwenye rafu, hata hakunitazama. Ulikuwa mlango wazi kabisa. Ningesema, "Hapakuwa na fyuzi," angenituma Isongole hapo hapo na yangeisha. Nikasema, "Karibu na betri."

"Vizuri," akasema tena.

Mpaka leo sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani lilikuwa lile bega lililopigwa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nyumbani. Mdogo wangu Tusekile, anayenifuata, alikuwa anamenya ndizi jikoni. Yeye ndiye niliyemtolea jasho kuliko wote. Alikuwa kidato cha pili na walimu walikuwa wanamsifu. Ada yake ilitoka kwenye karakana ya Fundi Saidi, haikuwa na mahali pengine pa kutoka. Aliona sili, akauliza. Nikamweleza yote, tundu la bati, fyuzi, na nilivyojibu.

"Na kesho watapanda wangapi?" aliuliza.

"Kwaya nzima."

"Basi nenda."

"Nikienda, Fundi atajua nilimdanganya. Atanifukuza, Tuse. Na shule yako?"

Aliendelea kumenya. "Kaka, wewe ulishaacha shule, na bado unajua kuhesabu watu wa kwaya. Nikiacha na mimi nitalima. Wale wakiungua, mimi nitasomaje kwa hela hiyo?"

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia chumvi imeisha.

Nilipita duka la spea nikanunua kishika fyuzi na fyuzi yake, nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli cha kuvisha tunduni, nikapanda lori lililokuwa linakwenda Mbeya. Lilipanda mlima taratibu, mvua ikatunyeshea, na kila pikapu iliyoshuka niliikodolea macho nione kama inatoa moshi. Niliposhuka Isongole nililikuta gari limeegeshwa kwenye ghala la viazi, magunia nusu yamepakiwa. Mama Atupele alikuwa anagombana na wapakiaji.

"Mponyaji wangu!" akaita. "Umekuja kununua viazi?"

"Mama, nimekuja kufungua boneti. Kuna kitu sikufunga sawasawa, nami nilijua."

Kicheko kilimwisha. Wapakiaji wakasogea. Nikafungua, nikafuata waya mpaka tunduni, nikauvuta kidogo nje. Ngozi yake ilikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi, pale bati lilipokuwa linaitafuna. Shaba haikuwa imeonekana bado. Zilikuwa zimepita siku mbili tu.

Akakaza macho. "Hiyo ndiyo nini?"

"Ikikatika hapo, moto unawaka chini ya miguu yako."

"Kesho?"

"Labda kesho. Labda baada ya mwezi. Sijui."

Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Na njia yenyewe iliyo sawa ilikuwa ipi?"

"Kukwangua lami, mama."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole na dole gumba. "Kama sarafu."

"Sarafu!" Aligeukia wapakiaji. "Mnamsikia? Sarafu! Mimi nilidhani unataka kunivulia gari nguo zote. Wewe una mdomo, kwa nini hukusema?"

"Nilikuogopa."

"Mwe! Uniogope mimi, usiogope moto?" Akavuta pumzi. "Na Fundi Saidi anajua?"

"Hajui. Aliponiuliza nilimdanganya."

"Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Mimi, mama. Leo."

"Basi kwangua."

Nilifanya kazi ile kwenye tope, polepole kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Niliweka fyuzi, nikavisha tundu mpira, nikauondoa ule waya mrefu wa ethi, nikakwangua mduara mdogo nyuma ya kiti, nikapitisha msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza nati. Tuliwasha gari. Spika kimya. Safari hii hakunipiga bega. Alinipa viazi nusu gunia, akasema ni vya wadogo zangu, si vyangu.

Fundi Saidi nilimkuta anafunga karakana, saa kumi na moja. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nusu gunia la viazi begani, kwa sababu nilijua nikilitua nitaanza kutafuta maneno mazuri. Nilimwambia fyuzi haikuwepo. Nilimwambia nilimdanganya. Nilimwambia nimetoka Isongole, nimetengeneza.

Alifunga kufuli, akalivuta kuhakikisha, akalifungua tena, akaingia ndani. Nikadhani anakwenda kuniletea vitu vyangu. Alitoka na kopo dogo la grisi.

"Ulikwangua?"

"Nilikwangua."

"Juu ya chuma ulichokwangua umepaka nini?"

"Sikupaka kitu."

"Chuma kitupu, Isongole, na mvua hii." Alinipa kopo. "Wiki hii hii kutu itakuwa imeota na mbu amerudi. Kutu haijali kwamba umetubu. Kesho nenda Kyimo. Wakiwa kanisani, gari litakuwa nje. Paka."

Nilichukua kopo. Nikapiga hatua mbili, nikarudi.

"Na Jumatatu, Fundi?"

Alinitazama. Nadhani alikuwa anamkumbuka yule mwenzetu, maana alimpenda, nasi sote tulijua.

"Yule nilimgundua mimi," alisema. "Jumatatu kuna basi dogo la Kyela, spika ya kulia inanguruma. Ulitaka nilale chini ya kiti mimi, na mgongo huu?"

Kwa muda mrefu baada ya hapo alifungua boneti ya kila gari nililofunga, akagusa fyuzi kwa kidole chake, mbele ya wenye magari, bila kusema neno. Niliona aibu kila mara. Nilizoea kusogea pembeni kumpisha.

Tusekile alimaliza shule.